Ndugu Yangu wa Würzburg

Mwanza haina upungufu wa ndugu. Würzburg ya Ujerumani iliingia kwenye ukoo mwaka 1966, Tampere ya Finland ikafuata mwaka 1988. Undugu wenyewe ni wa mikataba na mihuri, hauna mahari wala matanga.

Mwanafunzi wa Kijerumani akitaka kumjulia hali ndugu yake wa ziwani, anaomba viza mtandaoni, analipa dola 50, anafunga begi. Akifika anapigiwa ngoma, anawekewa sato mzima anayemtazama kutoka kwenye sahani, kisha anapelekwa kupiga picha na Jiwe la Bismarck, lenye jina la Mjerumani mwenzake, jina lililokuja zamani, tena bila mwaliko.

Haya, kijana wa Mwanza naye arudishe ziara. Asafiri kwanza hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, akaache alama za vidole. Abebe barua ya mwaliko, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000 na taarifa za benki za mzazi, ambaye mali yake yote ni mtumbwi na nyavu, na nyavu hazitoi taarifa. Halafu athibitishe kwamba atarudi kwao. Sisi mgeni tunampa jembe siku ya tatu. Huyu anaulizwa ataondoka lini kabla hajapanda ndege.

Waheshimiwa wanaokwenda kusherehekea miaka kadhaa ya undugu hawana taabu hiyo. Viza zao hutoka mapema, na posho hutoka kabla ya viza.