Mjomba, Hata Majuu Kuna Tozo

Mjomba, mimi mzima, mfuko ndio una homa.

Nimeusikiliza ule ujumbe wako wa sauti, ukiwa kwenye foleni ya geti la Daraja la Nyerere, unaapa kwamba majuu madaraja ni bure, wanaokamuliwa ni wapitaji wa Kigamboni tu. Mjomba, tafuta pa kukaa kwanza.

Mimi nakaa Fort Lee, New Jersey, kazini ni Bronx, na katikati upo mto Hudson na daraja la George Washington. La kwenu limeshikwa na nyaya zilizonyooka kutoka nguzoni. Hili linaning'inia: nyaya kuu nne, nene kuliko pipa la mafuta, zimepitishwa juu ya minara miwili ya chuma, na barabara imefungwa chini yake. Mnara hadi mnara ni mita 1,067. La Kigamboni zima ni mita 680. Juu kuna njia nane, halafu chini ghorofa nyingine ya njia sita. Ndiyo, ghorofa. Watu wanapitiana utosini kihalali.

Sasa tozo. Gari dogo kuingia New York, inaweza kuzidi dola 15. Piga hesabu ya shilingi, ila si mbele ya Bibi, ana presha. Kutoka ni bure, tangu 1970. Nadhani walishatambua kwamba aliyekwisha kulipa hana nguvu ya kulipa tena.

Na hakuna wa kumlilia. Nakujua wewe: pale getini kila wiki unakwenda kuzika Kibada. Huku hapokei mtu, kamera inapiga picha namba za gari, bili inakufuata nyumbani kwa posta, ukichelewa inarudi na faini. Msiba wako utaisimulia kamera?

Mnasema NSSF, waliotoa fedha za kujenga daraja lenu, wakisharudisha fedha zao, tozo itakufa. Daraja la huku lilifunguliwa Oktoba 1931, tozo senti 50. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza. Mwingereza kaondoka, Tanganyika imeungana na Zanzibar, tozo bado ipo na imenenepa.

Siasa nazo hazikosi. Septemba 2013, watu wa Chris Christie, wakati huo Gavana wa New Jersey, walifunga njia mbili kati ya tatu za kuingilia darajani kutoka hapa Fort Lee, ili kumkomoa meya aliyekataa kumuunga mkono gavana kwenye uchaguzi. Mji ukaganda siku kadhaa, mabasi ya shule yamo, magari ya wagonjwa yamo. Wakasema eti ni utafiti wa magari! Wawili walitiwa hatiani, kisha mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikafuta hatia: ubaya waliufanya, ila haukuwa ulaghai wa kujipatia fedha wala mali. Foleni ya Mbagala itakuchosha, lakini angalau haina kinyongo na mtu.

Kuvuka daraja kwa miguu ni bure, kama kwenu. Nilijaribu Jumapili: upepo unakupiga vibao, chini kunatetema, na mwanzo hadi mwisho hakuna hata mwenye karanga.

Hela ya bati za ile nyumba ya Kibada nimetuma. Ukiona imepungua, nyingine imeishia mtoni. Anzeni kupaua chumba cha Bibi. Chako, Mjomba, kisubiri tozo ife.