Sifa za Bwana AdBlue

Hapa Rumonge wenzangu husifu ndagala na mawese. Mimi leo namsifu Bwana AdBlue, ambaye nasaba yake haifichi: theluthi mbili ni maji tu, kinachobaki ni urea, ndugu wa damu wa mbolea ya shambani, jina lenyewe likiwa limetokana na mkojo. Mtu wa ukoo huo, tazameni alikofika!

Hupulizwa ndani ya bomba la moshi la gari la mazutu, joto likamgeuza amonia, na oksidi za nitrojeni, zile zinazochoma kifua, zikatoka zikiwa nitrojeni na mvuke. Kamioneti zetu kuukuu hazimjui. Yangu, iliyokuja kutoka Ulaya ikiwa imeshatumika, ndiyo iliyonikutanisha naye.

Kitabu cha gari kilisema hanywi sana. Mpandishe Bururi na bidoni za mawese mgongoni: kwa kila lita 100 za mazutu yeye anataka zake 3, 5, pengine zaidi. Anayefanya kazi hunywa. Na msidhani ni mimi peke yangu niliyehesabu vikombe vyake. BMW, Daimler na Volkswagen walipatana kimyakimya juu ya ukubwa wa tangi lake na hata makadirio ya unywaji wake. Julai 2021 Tume ya Ulaya ikawatoza faini ya euro milioni 875. (Daimler aliwachongea wenzake, akasamehewa.) Ndagala gani amewahi kuwafikisha wakubwa hao barazani?

Tena hali rushwa. Nilikesha kituoni siku tatu nikisubiri mazutu, nikajaza tangi, nikajiona mfalme. Kumbe bwana alikuwa anaisha tangini mwake. Dashibodi ikaanza kuhesabu: kilomita 300, 100, sifuri. Nikazima gari sokoni ninunue ndagala. Kuwasha, kimya.

Fundi akashauri tumdanganye: ziwa zima la Tanganyika liko hapo, na mbolea ipo dukani, changanya. Kumbe bwana ana ulimi. Kihisi humwonja kila tone, na chumvi za ziwa pamoja na uchafu wa mbolea huua katalisti yenye bei ya shamba la michikichi.

Sasa kamioneti imelala chini ya mwembe, tangi la mazutu likiwa pomoni, ikingoja lita 10 za bwana huyu kutoka Dar es Salaam. Majirani ambao zamani hata salamu hawakunipa, kila asubuhi hupita na bidoni mkononi kumjulia hali mgonjwa.