Mwongozo wa Mvivu Anayetaka Kula Mboga Leo Usiku

Umeshuka kwenye daladala Mbagala saa moja na nusu usiku, miguu imekanyagwa vya kutosha, na chipsi mayai zinanukia ng'ambo ya barabara. Mapishi yanaanzia hapo hapo. Usigeuze shingo. Nenda moja kwa moja gengeni.

Gengeni chagua kwa macho ya mvivu. Kisamvu kisubiri Jumamosi: kinataka kutwangwa na kuchemshwa sana, na kutwanga huko pamoja na moto mrefu ndivyo vinavyoondoa sumu iliyomo kwenye majani ya muhogo, hivyo hakina njia ya mkato. Wewe chukua mchicha, matembele, chainizi au bamia. Ukitaka sukuma wiki, muombe muuzaji akukatie, lakini aioshe kwanza, maana jani lililokwishakatwa likioshwa huacha sehemu ya vitamini C yake kwenye beseni. Kukatiwa mboga si aibu. Yule mama anakata nyembamba kuliko utakavyoweza wewe na njaa yako.

Mchicha nunua mafungu mawili hata kama unaishi peke yako. Mbichi hujaza sufuria, ukiiva hutoshea kiganjani, na wengi hulala njaa kwa kutolijua hilo.

Ukifika nyumbani usikae! Ukishakaa kwenye kochi, chakula cha jioni kimekwisha. Bandika maji ya ugali kwanza, ndipo uvue viatu. Maji yakiwa motoni, chambua mchicha na uuoshe mara tatu, ukiinua majani kwa mkono ili mchanga ubaki chini. Vishina vichanga usitupe. Vinalika, na kuvichagua kimoja kimoja ni kujitafutia kazi.

Kaanga kitunguu, tia nyanya mbili ulizozikata ovyo unavyotaka, kwa kuwa hakuna atakayekuja kuzikagua, weka chumvi na ufunike hadi zirojeke. Mwaga mchicha ndani. Usiongeze maji, unayo yake. Geuza, subiri dakika tatu hadi tano, epua ungali kijani.

Hapa nakusihi kwa moyo wote, ndugu msomaji. Tumezoea kuutokosa mchicha hadi ufanane na gunia, tukamwaga maji yake, kisha tukawaambia watoto kwamba mboga ni tamu. Watoto wana macho. Moto mrefu na maji mengi huondoa vitamini C, na magadi huiharibu zaidi, kwa hiyo hata bamia zipike bila magadi: zikate, zichemke na nyanya, zitateleza zenyewe. Mboga usiinyime mafuta kabisa, kwani mwili huyahitaji ili kupata vitamini A kutoka kwenye majani. Vijiko viwili vya karanga za kusaga vinafaa sana. Tui la paketi nalo linafaa. Kukuna nazi usiku wa Jumanne ni ushujaa, na leo hatutafuti shujaa, tunatafuta chakula. Ukishapakua, kamulia limau. Husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga.

Kuna siku hata kuukoroga ugali ni mtihani. Siku hiyo piga mayai mawili, tia hoho, kitunguu na mchicha uliokung'utwa maji na kukatwakatwa, kaanga, kula na mkate. Au kata parachichi, nyanya na kitunguu, tia chumvi na limau, basi. Hicho ni chakula kamili cha mtu aliyechoka, na asikudharau mtu.

Hakuna lolote hapa linalozidi nusu saa. Atakayekula bila kupika ndiye aoshe vyombo, hata akiwa baba mwenye nyumba.