Namna ya Kuwasha 404 Iliyogoma Bila Watu Kujua

Mwenye Peugeot 404 hadi leo anamiliki macho ya watu. Ndiyo maana wanaikodi harusini. Sasa siku itakapogoma mbele ya bi harusi na shangazi zake, una kazi mbili: kuiwasha, na kuhakikisha hakuna aliyegundua kwamba iligoma.

1. Egesha kwenye mteremko, pua ikitazama chini. Ukiulizwa kwa nini umeiacha nafasi ya mlangoni, sema utomvu wa mwembe unaharibu rangi. Wakati wa kuondoka washa swichi, kanyaga klachi, tia gia ya pili, achia breki. Ikishika mwendo, achia klachi mara moja. Gia ya kwanza usiithubutu. Itawarusha abiria vichwa na siri itatoka.

2. Kama ni tambarare, tega sikio. Ikilia tiki-tiki-tiki, betri imechoka au vichwa vya waya vimeota unga mweupe. Vizungushe kwa mkono huku unavikandamiza. Mara nyingi inatosha. Ikilia “tak!” moja kisha kimya, igonge stata taratibu kwa mpini wa spana. Gonga ukiwa umeinama kama mtu anayekagua tairi.

3. Stata inazunguka lakini injini haishiki? Wengi hapa hukimbilia kabureta. Usiwafuate, anza na moto. Fungua kifuniko cha distributa, futa unyevu ndani kwa leso kavu, kisha tazama platini. Nyuso zake zikiwa nyeusi, chana ubavu wa kiberiti, upitishe katikati mara mbili tatu, umalizie na kipande cha karatasi safi. Halafu nafasi: platini ikiwa imefunguka kabisa, iwe kama milimita 0.4. Huna kipimo? Toa kadi yako ya biashara, ile yenye cheo chako kwa herufi za dhahabu. Unene wake unakaribia hapo. Legeza skrubu, ingiza kadi, kaza pale inapopita kwa kukwaruza kidogo. Itakufikisha ukumbini, na kesho fundi atapima sawasawa.

4. Ukisikia harufu ya petroli, umeinywesha kupita kiasi. Kanyaga mafuta mpaka chini, mguu ukae hukohuko, piga stata. Usipampu.

5. Imezima ikiwa ya moto na haitaki tena: mshuku koili. Koili iliyochakaa hukataa ikipata joto na hukubali ikipoa. Ifunike kwa kitambaa chenye maji, ukikwepa sehemu za waya, uache boneti wazi. Sasa unahitaji robo saa, na 404 ndilo gari pekee ninalolijua linalokupa robo saa ya bure. Waite wageni karibu. Waambie hii ndiyo injini iliyoshinda Safari Rally mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1966 na ya 1967 aliyeshinda ni Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam; litaje jina la mji kwa sauti. Kisha shuka kwenye matope ya 1968: yalianza magari zaidi ya 90, yakamaliza 7 tu, na lililotangulia lilikuwa 404 ya Nick Nowicki. Kila neno ni la kweli, kwa hiyo litamke kwa kifua mbele. Shangazi ataomba apigwe picha na injini. Mpige, tena mbili. Ukiigusa koili ukaona imepoa, funga boneti na uwashe.

6. Ikishawaka, usiizime mpaka umewashusha. Mafuta ni bei rahisi kuliko aibu. Jumatatu nunua koili mpya, platini na kondensa. Zile za zamani ambazo bado zinafanya kazi zifunge kwenye kitambaa, uzifiche kwenye dashibodi chini ya kadi ya gari, pamoja na bisibisi fupi na kiberiti kipya.