Saa ya Reli Isiyo na Kamani

Jana alasiri, katika kibanda cha fundi saa mmoja wa Kolwezi, mbele ya wanafunzi wake, muuza mikate na mama mmoja aliyeleta redio yake, saa yangu ilifunguliwa mgongo kwa ncha ya kisu, na kicheko kilichofuata sina shaka kilisikika hadi mwisho wa mtaa wa Manika. Mzee mwenyewe, kwa adabu ya watu wa kazi yake, alijitahidi kujizuia asiweze, akavua miwani, akafuta machozi, kisha akaniuliza kwa upole, "Papa, hii ndiyo ya treni ya Wabelgiji?" Ndani ya chuma kile kizito, kilichochongwa herufi B.C.K. za kampuni ya reli ya Wabelgiji na kuuzwa kwangu kuwa ni saa ya mfukoni ya mkuu wa stesheni wa zama za kabla ya uhuru, palikuwa na betri ndogo mfano wa kifungo cha shati, imezungushiwa pete ya plastiki, na nafasi iliyosalia imeshindiliwa karatasi.

Muuzaji wake yupo Mutshatsha, kando ya stesheni, na sifa zake zilikuwa kamili: sauti ya chini, suti iliyopigwa pasi, mwanakwaya, tena hamalizi maneno mawili pasipo kumtaja marehemu babu yake, aliyeitumikia, alisema, reli hiyo iliyofika Dilolo mwaka 1931. Nani awezaye kumshuku mtu auzaye urithi huku analengwalengwa na machozi? Alitaka dola 80. Akazipokea 50 kwa majonzi makubwa. "Mukubwa, ni kwa sababu ni wewe." Ama kuhusu hekima ya kununua saa ya reli katika mji ambao habari za treni watu huulizana siku wala si saa, mke wangu amekwisha toa maoni yake, nami sitayaandika hapa.

Fundi alipotosheka kucheka alinifungulia saa yake mwenyewe, na hapo, ninakiri, nilisahau fedheha yangu. Kamani ni utepe wa chuma uliokunjwa ndani ya pipa. Ukiijaza saa unaukaza, nao hutaka kukunjuka mara moja, lakini mwisho wa msafara wa magurudumu pana nanga ndogo ambayo hairuhusu kupita ila jino moja tu, kila gurudumu la mizani liyumbapo kwenda na kurudi. Katika saa nyingi za zamani mizani hiyo huyumba mara 18,000 kwa saa, yaani mara tano kwa kila sekunde, ndiyo sababu akrabu ya sekunde huonekana ikitambaa, ilhali ya betri huruka hatua moja, husimama, huruka tena. Ncha za magurudumu huzunguka ndani ya vipande vya yakuti nyekundu, na asikutoze mtu bei ya vito kwa ajili yake, kwani yakuti hiyo hupikwa na binadamu tangu Mfaransa Verneuil alipoitangaza njia yake mwaka 1902.

Tena muuzaji alinifunika kwa koti lake ili nione tarakimu ziking'aa gizani, na mng'ao ule akauita ithibati ya ukongwe. Kumbe ni kinyume chake. Rangi ya zamani ilikuwa radiamu iliyochanganywa na salfidi ya zinki. Radiamu hupungua nusu kwa muda wa miaka 1600, lakini zinki huchoka mapema mno, hata saa kongwe ya kweli huwa giza tupu, na sumu yake ingali imo. Usiikwangue.

Na radiamu hiyo ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, hapa hapa Katanga. Tangu mwaka 1922 madini yake yalikuwa yakisafishwa Olen, Ubelgiji, kwa faida ya kampuni ya Union Minière. Kamani za kisasa, zile zisizokatika upesi, zina kobalti ndani yake, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia leo huchimbwa katika ardhi hii yetu. Basi saa karibu yote imetoka chini ya miguu yetu, imekwenda Ulaya, na sisi tunarudishiwa plastiki na karatasi kwa dola 50. Hapo sikuona tena la kuchekesha.

Wala hii si mara yangu ya kwanza kulaghaiwa: saa niliyonunua Lubumbashi ilikuwa na akrabu moja. Ya Kasumbalesa sitaki kuizungumza.

Fundi asema muuzaji mwaminifu hufungua mgongo kabla hujamwomba, hutaja ubovu kabla ya sifa, na ana mahali utakapomkuta kesho. Nami natimiza masharti yote matatu: saa yangu inauzwa, haina kamani, wala yakuti, wala babu, mimi nipo Mutshatsha, na kisu cha kuifungulia ninacho. Bei ni dola 50.