Barua ya wazi kwa Bodi ya Filamu: ombi la kukagua miujiza

YAH: KUWAPANGIA MADARAJA WATENDA MIUJIZA WA RUNINGANI

Waheshimiwa, salamu kutoka Msimbati, Mtwara, ambako gesi ya Mnazi Bay huondoka kwa bomba kwenda Dar es Salaam, na miujiza ya Dar es Salaam hutufikia kwa king'amuzi. Mtunzi wa huku akitaka kuandika tamthilia juu ya mhubiri wa runinga, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inamleta kwenu na mswada wake, aombe kibali, kisha asubiri kazi ikaguliwe na kupewa daraja. Mhubiri mwenyewe, mwenye kamera, taa, kinanda cha kuliza watu na kiwete anayetupa magongo mara tu kabla namba ya sadaka haijapita chini ya kioo, haleti hata ukurasa mmoja. Igizo linalokiri kuwa ni igizo lina mkaguzi. Linaloapa kuwa ni kweli halina. Naomba basi vipindi hivi vihesabiwe kuwa tamthilia. Sifa zote vinazo: mwaka 2014 runinga ya KTN ya Kenya ilionyesha jinsi maji ya mhubiri Victor Kanyari yalivyogeuzwa mekundu kwa pamanganeti, huku waumini wakihimizwa kupanda mbegu, yaani sadaka, ya shilingi 310. Na kwetu, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa Moshi katika mkanyagano wa kuwahi kukanyaga mafuta ya upako. Hapo hata mzaha unaishiwa maneno.

Mtanijibu kwamba ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa dini. Inalinda, na iendelee. Mgonjwa wa huku kwetu Kilambo anayefarijika kwa maombi ya runingani asiguswe. Ila bei ya maombi si ibada. Mkulima wa korosho naye huuza korosho yake kwa hiari kabla ya msimu, kwa kuwa ana shida, na bado Serikali imepiga marufuku kangomba, yaani biashara hiyo ya mapema, na kumwelekeza kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani. Hii mbegu ya kwenye kioo ni kangomba ya baraka, tena mbaya zaidi, maana mnunuzi wa kangomba angalau huacha fedha nyumbani kwa mkulima. Mkisema Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ina kanuni za maudhui, ni kweli, lakini mara nyingi kanuni hizo huamka kipindi kikishapita, na sadaka ikishatumwa.

Wapo pia watakaohofu kuwa tamthilia juu ya wahubiri zitavunja imani. Wamarekani walitazama tamthilia ya Greenleaf, juu ya familia ya kanisa kubwa la Memphis na siri zake, kuanzia 2016 hadi 2020, na makanisa ya Memphis bado yana waumini Jumapili. Basi kama ombi langu la kwanza ni zito, pitisheni dogo: mtunzi atakayewaletea mswada wa mhubiri laghai asiambiwe apunguze chumvi katika sehemu alizonakili kutoka kwenye matangazo ya moja kwa moja.