Mzee, Zambarau Zimeanza?

Hadi makala haya yanaandikwa, ncha ya ulimi wa mwandishi wa safu hii bado ina rangi ya zambarau, na konda wa daladala ya Mbagala anadhani anajua sababu.

"Mzee, zambarau zimeshaanza msimu?" aliuliza konda huyo mbele ya abiria wote. Mama mmoja wa siti ya nyuma akataka kujua fungu ni shilingi ngapi. Mwandishi alilipa nauli kwa ishara, kwa sababu kueleza kwamba rangi ile ilikuwa ya hospitali kungemlazimu kufungua mdomo tena.

Kinachomkera ni kwamba hakuwa anaumwa. Alikwenda kupimwa meno kwa hiari yake, akiwa amepiga mswaki mara mbili asubuhi hiyo, mara ya pili kwa hasira, kama wafanyavyo watu wengi siku ya kwenda kwa daktari wa meno. Daktari alikuwa binti mpole. Alimwamkia shikamoo, akamlaza kwenye kiti, akampaka kitu fulani meno yote kwa pamba, akamwambia asukutue. Kisha akamshikisha kioo, kama mgambo anayemwonyesha mwizi kuku aliyekamatwa naye.

"Baba, unaona hapa? Na hapa? Na huku nyuma je?"

Rangi hiyo ina ujanja unaostahili heshima. Ukoga, yaani ule utando laini wa bakteria unaojitandaza juu ya meno, hauonekani kirahisi kwa kuwa unafanana sana na jino lenyewe. Rangi ya daktari hung'ang'ania utando na kuliacha jino safi lilivyo. Tena ipo aina iliyochanganywa nyekundu na bluu. Penye utando mpya, mwembamba, bluu huondoka na maji ya kusukutua, pakabaki pinki. Penye utando mnene, ulioachwa kwa zaidi ya siku mbili, bluu hunasa humo humo pamoja na nyekundu, pakawa zambarau. Kioo kinamweleza mtu mpaka tarehe aliyoanza uvivu! Hasira zote za asubuhi ile zilikuwa zimeishia kwenye meno ya mbele, upande wa nje, yale yanayoonekana mtu akicheka.

Hata mahali palipoiva rangi zaidi pana sababu, nayo ni mate. Mifereji ya tezi za mate hufungukia chini ya ulimi, nyuma ya meno ya mbele ya chini, na shavuni, mkabala na magego ya juu. Mate yana kalsiamu na fosfeti, madini yanayolinda jino. Bahati mbaya hayachagui: yakikuta ukoga umekaa, huuimarisha pia, na ndani ya siku chache unaanza kuwa ugaga. Ugaga hausikii mswaki, wala mkaa, wala ndimu (na ndimu, kwa taarifa ya wanaoisifu, hula jino lenyewe). Unatolewa kwa chuma, au kwa kifaa kinachotetemeka takriban mara 25,000 kwa sekunde huku kikirusha maji ili kisipate joto.

Kabla ya kufika huko, daktari alichukua kijiti cha chuma chenye alama za milimita, akawa anakipenyeza kati ya jino na fizi, sehemu sita kwa kila jino, huku akimtajia nesi namba. "Tatu, mbili, tatu." "Mbili, mbili, tatu." Mwandishi akaanza kusinzia.

"Tano."

Nesi akainua kichwa. Milimita 1 hadi 3 ni fizi yenye afya. Kuanzia 4, huenda fizi imeanza kuachana na jino, na katikati yake kuna mfuko usiofikiwa na mswaki wowote. Namba hizo ndizo mali kubwa ya safari nzima, kwa maana zikilinganishwa na za mwakani ndipo itajulikana kama fizi inapona au inakimbia. Mwandishi aliziomba, akaandikiwa nyuma ya risiti. Binti akasema wengi huuliza tu kama kuna jino la kung'oa.

Ikabaki kusafisha. Mwandishi akatumwa dirisha la bima, mdomo ukiwa katika hali ile ile, akapanga foleni. Jibu likarudi kwamba kusafisha meno ni urembo, hakulipiwi.

"Na kung'oa?"

"Kung'oa hata sasa hivi, mzee."

Fedha taslimu hakuwa nazo, na mtandao wa kulipia kwa simu ulikuwa umekatika. Ndiyo maana akapanda daladala na rangi yake mdomoni.

Hapa kicheko kinakwisha. Ugonjwa wa fizi ni miongoni mwa sababu kubwa za watu wazima kupoteza meno, na chanzo chake ni ukoga huo huo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu karibu bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa, watatu kati ya kila wanne wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Bima iko tayari kugharamia pengo, lakini haitaki kugharamia jino lenyewe. Makato yake hutolewa kwenye mshahara kila mwezi, wala hakuna anayeuliza kama ni ya urembo.



Ile kanuni ya kurudi kila miezi sita nayo si amri. Nchini Uingereza, mwongozo wa mwaka 2004 unamwachia daktari apange kati ya miezi 3 na 24 kwa mtu mzima, kulingana na hali ya kinywa chake. Mwenye "tano" kwenye risiti asijipangie 24.

Anayekwenda kupimwa mwezi huu aulize bima kabla hajapakwa chochote, amweleze daktari kama ana kisukari, maana sukari na ugonjwa wa fizi huchocheana, na asitoke bila namba zake. Nao wanaoandika mikataba ya bima wahamishe kusafisha meno kutoka safu ya urembo kwenda safu ya matibabu.